Utabiri wa vuli kavu: kwa nini Bujumbura haiwezi kushusha pumzi

Wataalamu wa hali ya hewa wa kanda wametabiri kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba 2025 zitakuwa chini ya wastani katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Kwa mji wa Bujumbura, ambao mwaka 2024 ulishuhudia maji ya Ziwa Tanganyika yakiingia bandarini, barabarani na majumbani, habari hiyo ingeweza kupokewa kama nafuu. Hata hivyo, historia ya mji huo na tabia ya ziwa lake zinaonyesha kwamba msimu unaotabiriwa kuwa mkavu si lazima uwe msimu wa usalama.

Utabiri huo ulitolewa mwishoni mwa Agosti na ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD chenye makao yake nje kidogo ya Nairobi. Kituo hicho kinahudumia nchi 11, zikiwemo Burundi, Rwanda na Tanzania ambazo si wanachama wa IGAD. Mara tatu kwa mwaka, wataalamu wa nchi hizo hukutana kulinganisha mifumo ya kompyuta na takwimu za vituo vyao, kisha hutoa kauli moja kuhusu msimu unaokuja. Baada ya hapo kila nchi huandaa utabiri wake wa ndani. Nchini Burundi kazi hiyo ni ya Taasisi ya Jiografia, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, IGEBU.

Utabiri unasema nini, na hausemi nini

Ramani ya msimu huzungumza lugha ya uwezekano. Takwimu za miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020, hugawanywa katika mafungu matatu yaliyo sawa: misimu yenye mvua nyingi, misimu ya kawaida na misimu yenye mvua chache. Pasipo taarifa nyingine yoyote, kila fungu lina nafasi ya takribani asilimia 33. Kinachofanywa na utabiri ni kuongeza uzito upande mmoja wa mizani.

Mathalani, eneo likipakwa rangi inayoonyesha nafasi ya asilimia 45 ya mvua chini ya wastani, maana yake ni kwamba asilimia 55 zimebaki kwa mvua za kawaida au za juu ya wastani. Mfanyabiashara aliyezoea kupima hasara na faida ataielewa hesabu hiyo mara moja. Ila habari inapofika redioni, kisha sokoni, kisha nyumbani, mara nyingi hubaki sentensi moja tu: mwaka huu hakuna mvua.

Jambo la pili ni kwamba utabiri wa msimu unahusu jumla ya mvua ya miezi mitatu katika eneo pana. Hautaji siku, hautaji saa, wala hautaji korongo lipi litafurika. Msimu unaweza kuwa na jumla ndogo ya mvua na bado ukawa na usiku mmoja wa maafa.

Bujumbura inalijua hilo kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mvua iliyonyesha kwa saa chache ilishusha maji, matope na mawe kutoka milimani hadi mitaa ya kaskazini ya mji, ikiwemo Kamenge na Kinama. Zaidi ya watu 60 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibiwa. Msimu huo hapakuwa na El Niño wala La Niña. Hapakuwa na ishara yoyote kubwa baharini ambayo ingeuonya mji kwamba usiku huo ungekuwa tofauti na nyingine.

Bahari iliyo mbali, mvua iliyo karibu

Sababu ya utabiri wa mwaka huu iko mbali na Burundi. Bahari ya Hindi ina mizani yake ya joto: upande wa magharibi, karibu na pwani ya Afrika, na upande wa mashariki, karibu na Indonesia. Wataalamu huiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Maji ya magharibi yakiwa na joto kuliko kawaida, unyevu mwingi huelekea Afrika Mashariki na mvua za vuli huongezeka. Hali ikigeuka, hewa yenye unyevu hupanda upande wa Indonesia na hewa kavu hushuka upande wa Afrika. Mwaka huu mizani imeelemea upande wa Indonesia, huku dalili za La Niña zikijitokeza katika Bahari ya Pasifiki. Mambo hayo mawili yakikutana, vuli ya Kenya na Somalia huwa na upungufu mkubwa wa mvua.

Mifano ya hali iliyo kinyume cha hiyo bado haijasahaulika. Mwaka 2019 dipoli ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi katika miongo ya karibuni. Mwezi Desemba mwaka huo, maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 20 katika vilima vya Nyempundu na vilivyo jirani yake, mkoani Cibitoke. Mwaka 2023, El Niño na dipoli ya aina hiyo hiyo zilikuja kwa pamoja. ICPAC ilitabiri mvua nyingi mwezi Agosti, na mafuriko ya Oktoba na Novemba nchini Kenya, Somalia na Ethiopia yakathibitisha utabiri huo.

Hata hivyo, Burundi iko pembezoni mwa mfumo huo. Katika maeneo ya mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, mvua za vuli huweza kufikia asilimia 70 ya mvua yote ya mwaka. Burundi mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, zikipungua kidogo tu katika kipindi kifupi ambacho Warundi hukiita urugaryi, na mwezi wa Aprili kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi. Aidha, nchi hupokea unyevu kutoka pande mbili, yaani Bahari ya Hindi na bonde la Kongo. Ndiyo maana ishara ya bahari inayosomeka waziwazi Mogadishu au Garissa hufifia inapofika kwenye safu ya milima inayotenganisha mito ya Nile na Kongo.

Ndani ya nchi yenyewe tofauti ni kubwa. Uwanda wa Imbo, ulipo mji wa Bujumbura, hupata mvua isiyozidi sana milimita 1,000 kwa mwaka. Kilomita chache mashariki, milimani, kiwango hicho kinaweza kukaribia maradufu. Mkazi wa Bujumbura anaweza kuona mbingu nyeupe juu ya paa lake ilhali Ntahangwa, Muha au Kanyosha inateremka kwa kishindo na maji yaliyonyesha kwingine.

Ziwa lisilofuata kalenda

Ziwa Tanganyika halijibu msimu mmoja. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 32,900, hivyo kuinua uso wake kwa sentimita moja tu huhitaji zaidi ya mita za ujazo milioni 300 za maji. Maji hayo yakishaingia hayana njia nyingi za kutoka. Mto pekee unaoyatoa ni Lukuga, upande wa Kalemie katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hata huo hubeba sehemu ndogo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo ziwa hukusanya matokeo ya misimu kadhaa kama mtu anayeweka akiba, na huirudisha akiba hiyo polepole.

Historia inaonyesha upana wa mabadiliko hayo. Katika karne ya 19 Lukuga iliziba kwa matope na mimea, na ziwa likapanda mita kadhaa juu ya kimo chake cha sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi hicho kilibomoka na maji yakashuka. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Burundi, ziliinua tena ziwa hadi kufikia kilele mwaka 1964. Kilele hicho kilibaki kipimo cha kulinganishia kwa miaka 60.

Mwaka 2024 ziwa lilikikaribia tena, kwa kimo cha takribani mita 777 juu ya usawa wa bahari. Aprili 16 mwaka huo, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba kwa pamoja msaada wa kimataifa, zikieleza kwamba zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua zilizoanza Septemba 2023. Hoteli na nyumba za ufukweni ziliachwa tupu, na shughuli za bandari zilitatizika. Gatumba, mji mdogo ulio kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, ulifunikwa na maji ya mto Rusizi kama ilivyotokea Aprili 2020, wakati makumi ya maelfu ya watu walipoyahama makazi yao. Baadhi ya waliohama wakati huo waliishia katika kambi ya Sobel huko Maramvya, ambako hema la muda liligeuka makazi ya miaka.

Hapo ndipo penye pengo kati ya utabiri na maisha. Kauli ya ICPAC ya Agosti 2023 ilihusu Oktoba hadi Desemba, na ilikuwa sahihi. Lakini ziwa hufikia kimo chake cha juu Aprili na Mei, miezi minne baada ya utabiri wa vuli kumalizika. Anayetaka kujua hatima ya ufukwe wa Bujumbura hawezi kutosheka na ramani ya Agosti. Anapaswa kujua pia kimo cha ziwa mwishoni mwa kiangazi na utabiri wa msimu wa pili. Vuli moja yenye mvua haba inaweza kupunguza kasi ya ziwa kupanda, lakini haiwezi kufuta akiba ya miaka iliyotangulia.

Mkulima na mvua ya kwanza

Kwa zaidi ya asilimia 80 ya Warundi, wanaotegemea kilimo, hatari ya mwaka huu inaweza kuwa ile ya upande wa pili. Septemba hufungua msimu wa kwanza wa kilimo, agatasi, ambao mahindi na maharage yake huvunwa kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Mavuno hayo hulisha familia na pia hutoa mbegu za maharage kwa msimu unaofuata, impeshi, unaobeba sehemu kubwa ya chakula cha mwaka.

Katika msimu unaotabiriwa kuwa na mvua chache, jumla ya milimita si tatizo pekee. Mvua huweza kuanza mapema, ikamshawishi mkulima kupanda, kisha ikakatika kwa wiki mbili au tatu. Mbegu huota na kukauka. Mwenye akiba hupanda mara ya pili; asiyekuwa nayo hukopa au huliacha shamba. Ndiyo sababu tarehe ya mvua kuanza, na urefu wa vipindi vikavu katikati ya msimu, ni habari yenye thamani kubwa kwa mkulima kuliko rangi ya ramani. Utabiri wa siku kumi, ukitolewa kwa Kirundi na kufika kilimani kwa wakati, unaweza kuokoa gunia la mbegu.

Mvua haba zina gharama nyingine zisizoonekana haraka. Burundi hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mabwawa kama Rwegura na mitambo iliyo kwenye mto Rusizi. Uhaba wa maji safi mijini nao huandamana na kipindupindu sawa na mafuriko yanavyofanya. Mlipuko uliotangazwa mwanzoni mwa 2023 ulianzia katika eneo la Bujumbura. Kuna pia wakimbizi wa Kongo, makumi ya maelfu kwa idadi, walioingia tangu Februari 2025, wengi wao wakihamishiwa Musenyi kusini mashariki mwa nchi. Kwao mvua na ukosefu wa mvua ni mizigo miwili inayofanana: wa kwanza huingia ndani ya hema, wa pili hukausha bomba.

Angani: hesabu ya saa, si ya miezi

Usafiri wa ndege hutumia utabiri wa aina nyingine kabisa. Uwanja wa kimataifa wa Melchior Ndadaye, uliopewa mwaka 2019 jina la rais aliyeuawa Oktoba 1993, uko kwenye uwanda wa Rusizi, kaskazini magharibi mwa mji. Njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,600. Magharibi kuna milima ya Mitumba upande wa Kongo, mashariki kuna kuta za milima ya Burundi, na kusini kuna ziwa. Rubani anayetua hapo huingia katika bonde lenye upepo wake lenyewe.

Mwishoni mwa kiangazi, tatizo huwa moshi na vumbi. Mashamba na nyasi huchomwa pande zote mbili za mpaka, na ukungu mkavu hutanda juu ya bonde hadi milima ya Kongo isionekane kutoka mjini. Mvua za kwanza huosha anga, lakini huja na hatari ya pili: mawingu makubwa ya radi, ambayo chini yake upepo huweza kubadilika ghafla mwelekeo na nguvu karibu na ardhi. Mchana mawingu hayo hujengeka juu ya milima; usiku, ardhi inapopoa kuliko maji, hujengeka juu ya ziwa.

Kwa hiyo mashirika ya ndege hayaulizi kama vuli itakuwa kavu. Yanauliza kuhusu saa 24 au 30 zijazo, na taarifa ya uwanja inayotolewa upya kila baada ya muda mfupi. Ndege inayotoka Nairobi au Addis Ababa hubeba mafuta ya kutosha kuifikisha kwenye uwanja mbadala iwapo Bujumbura itafungwa na dhoruba. Msimu mkavu unaweza kupunguza idadi ya siku za namna hiyo, lakini chini ya wingu moja la radi takwimu za msimu hazina la kumwambia rubani.

Majini: kutoka Tanganyika hadi Dar es Salaam

Ziwani, kipindi hiki ni cha mabadiliko. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini mashariki huvuma kwa nguvu katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Mvua zinapoanza pepo hizo hulegea, na nafasi yake huchukuliwa na dhoruba fupi za hapa na pale. Kwa wavuvi wa ndagala na mukeke, wanaofanya kazi usiku kwa taa, dhoruba ya ghafla inatisha kuliko upepo unaojulikana. Upepo wa kusi humruhusu mvuvi kuamua kubaki nyumbani. Dhoruba ya radi humkuta akiwa tayari majini.

Ziwa Victoria limewahi kujaribu jibu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hilo. Kati ya 2017 na 2021, mradi uliofadhiliwa na Uingereza na kuongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani uliwapa wavuvi utabiri wa kila siku kwa lugha zao, kupitia redio, simu na vikundi vya ufukweni. Tanganyika inagawanywa na nchi nne, nazo ni Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na Mamlaka ya pamoja ya ziwa hilo ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Uwezo wa kukubaliana kufunga uvuvi unaonyesha kwamba kukubaliana kuhusu onyo moja la dhoruba hakupo nje ya uwezo wa nchi hizo.

Bahari nayo, ingawa iko mbali, inaigusa Burundi. Sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, au kwa reli ya kati hadi Kigoma na meli hadi Bujumbura. Katika miezi hii kusi humaliza muda wake kabla ya kaskazi kushika, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari pindi upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili. Hatari kubwa kwa mizigo ya Burundi, hata hivyo, huwa nchi kavu: mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli hiyo kwa miezi. Vuli kavu upande huo wa Tanzania ingekuwa, kwa mara moja, habari njema kwa bei za Bujumbura.

Onyo na anayelipokea

Machi 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo la kila mtu duniani kulindwa na mifumo ya tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Kwa Bujumbura, muda huo umebaki misimu michache tu ya mvua. Sehemu ngumu si ya sayansi peke yake. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 kutoka ufukweni kama eneo la hifadhi, lakini nyumba, baa na maghala yamejengwa ndani ya mstari huo. Mitaa iliyofurika 2014 imejengwa tena palepale. Familia inayoambiwa ihame Gatumba huuliza iende wapi, italima nini na itarudi lini, na utabiri hauna majibu ya maswali hayo.

Vuli inayotabiriwa kuwa kavu inatoa kitu kimoja ambacho misimu ya 2019 na 2023 haikutoa, nacho ni muda. Ni muda wa kuzibua mitaro, kuimarisha kingo za Ntahangwa, kupima kimo cha ziwa kabla halijaanza kupanda na kuhamisha walio hatarini bila kusubiri maji yafike kwenye vizingiti vya milango. Mwezi Januari ICPAC itatoa utabiri wa Machi hadi Mei. Ziwa litakuwa limekwisha kuanza kupanda kama lifanyavyo kila mwaka, na miezi ambayo kazi hiyo ilikuwa nyepesi itakuwa imepita.